Mtunza Kamba wa Ziwa la Wenyewe

Darasa lenu la Kiswahili la Jumamosi hapa Edmonton, London, limetuomba sisi wazee tuwaandikie habari za kazi tulizofanya. Wenzangu wamekwisha kuandika. Mama Rehema ameandika jinsi alivyoosha wagonjwa, Mzee Mushi ameandika jinsi alivyopakia mizigo uwanja wa ndege, na wote wawili wamemaliza kwa kuwaambia msome kwa bidii. Mimi sitawaambia msome kwa bidii. Mmeambiwa hilo mpaka masikio yameota sugu.

Mimi nilikuwa mtunza ziwa nchini Uswidi. Najua mnacheka. Hata mwalimu wenu aliniuliza tena na tena kama nilikuwa nikisafisha hoteli iliyo kando ya ziwa. Hapana, mwalimu. Nilikuwa nalinda ziwa lenyewe: samaki wake, ndege wake, barafu yake, na zaidi ya vyote kamba wake. Mimi ni Mhaya wa Bukoba, na Mhaya akikuambia alikuwa na kazi ya maana una haki ya kupunguza nusu. Punguzeni. Itakayobaki inatosha.

Nilisomea uvuvi Mwanza, nikapelekwa Uswidi kwa kozi, kozi ikaisha mimi nikabaki. Nilibaki kwa sababu nilimpenda mtu, na mtu huyo alipoondoka, akaniachia binti mmoja, nilikuwa nimeshaipenda kazi. Ndiyo hadithi yote ya mapenzi mtakayoipata kwangu.

Ziwa lile ni dogo. Mtu wa Bukoba akionyeshwa atasema asante, sasa ziwa liko wapi? Ukisimama ng'ambo hii unamwona mtu wa ng'ambo ile akianika nguo. Maji yake yana rangi ya chai isiyo na maziwa, kwa sababu yanapita kwenye misonobari na majani yaliyooza, na chini kuna mawe makubwa yenye nyufa. Kuna sangara, lakini sangara wao ni mdogo mwenye milia. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa sangara mkubwa nilitazama nyuma yake nikidhani yuko mwingine. Kuna ndege mweusi na mweupe anayelia alfajiri kilio cha mtu aliyefiwa. Wazee wa pale walisema akilia sana mvua inakuja. Mimi niliona mvua inakuja hata asipolia.

Na ndani ya zile nyufa za mawe walikaa kamba. Msifikirie wale mnaowanunua wakiwa wameganda sokoni. Hawa wa ziwani walikuwa weusi, wenye magando kama ya kaa, wakitembea usiku tu na kukimbia kinyumenyume wakiogopa. Mwezi wa nane, ziwa likifunguliwa kwa uvuvi wa kamba, watu wale waliwachemsha kwa chumvi na bizari, wakavaa kofia za karatasi, wakaimba, wakanyonya maganda mpaka mchuzi ukawatiririka viwikoni. Wageni wengine kutoka Afrika waliona kinyaa. Mimi nimekua nikila senene, ningeona kinyaa kwa uso gani?

Ziwa lilikuwa mali ya wenyeji wenye viwanja pembeni mwake. Walikuwa na chama chao cha maji, na chama ndicho kilichoniajiri nimsaidie mtunza wa zamani, kisha nichukue nafasi yake. Mzee huyo aliitwa Sixten.

Siku ya kwanza nilimfuata hadi gatini. Hakunisalimu, alinitazama miguu.

"Viatu hivyo vimekanyaga maji gani?"

"Vimekanyaga mjini tu," nikasema.

"Mjini kuna mifereji."

Akaniamuru nivivue, akavibeba mpaka kwenye sauna. Sauna ni kibanda cha mbao chenye jiko la mawe, ambamo watu wale hukaa uchi wakitokwa jasho. Akavipanga viatu vyangu juu ya benchi, akaongeza kuni, akafunga mlango. Nikabaki na soksi kwenye majani yenye umande, bosi wangu akiniangalia kama nitalalamika. Sikulalamika. Ndipo akanieleza.

Kuna maradhi ya kamba. Yanaletwa na kitu cha jamii ya ukungu, kidogo mno, hukioni kwa macho. Yalikuja Ulaya na kamba wa Marekani, ambao waliletwa kwa sababu ni wakubwa na wanakua haraka. Kamba wa Marekani huyabeba wala hayamsumbui. Yakimfikia kamba wa asili, ziwa zima linakufa. Na yanasafiri katika tone la maji: katika fundo la wavu, kwenye mkia wa mbwa, ndani ya buti. Ndiyo maana kazi yangu kubwa kwa miaka yote ile haikuwa kuvua. Ilikuwa kukausha.

Nyinyi mnaopenda ufundi, shikeni hili. Kufuta kwa kitambaa hakutoshi, na jua la kule halina nguvu ya kuaminika. Dawa ni moto wa sauna, wa kukaa muda mrefu. Mtego usiushike kwenye waya, ushike kwenye mafundo, maana fundo hukauka mwisho. Buti usiliangalie nje, tia mkono wako ndani mpaka kwenye ncha. Chochote kilichokuwa kimeingia maji mengine, hata kikaanikwa wiki nzima, kilipita saunani kabla ya kugusa ziwa letu.

Siku moja mwenyekiti wa chama alileta wageni wakubwa kutoka mjini, watu wa ofisi, akawaahidi sauna safi kando ya maji. Wakavua nguo, wakafungua mlango, wakakuta mabenchi yamejaa mitego, makasia, suruali za mpira na buti za watu wa kijiji kizima, vyote vikinuka samaki. Mwenyekiti akamwambia Sixten avitoe. Sixten akasema vitatoka vikikauka. Basi wakaingia hivyo hivyo, wakajibana katikati ya buti, uchi wa mnyama, mmoja amekalia suruali ya mpira ya mtu asiyemjua. Mimi nilikuwa nje nachanja kuni. Nilicheka mpaka nikaketi chini.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la adabu. Asubuhi moja wavuvi walikuwa wanashusha mashua, nami nikawasalimu kama nilivyofundishwa kwetu: "Mungu awajalie, mpate samaki wengi!" Mmoja akaweka kasia chini. Wakaipandisha mashua tena, wakarudi nyumbani kunywa kahawa. Nikamwuliza Sixten nimewakosea nini. Akasema mvuvi hatakiwi heri, kumtakia heri ni kumfungia njia. Tena ikitoka kwa mwanamke ni balaa juu ya balaa, maana kwa wazee wao hata kukutana na mwanamke njiani ukienda kuvua ilikuwa nuksi.

"Sasa niwaambie nini?"

"Waambie wakavue mavi."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania, ndiyo salamu yao. Mimi niliyelelewa na masista wa Kikatoliki nikawa nasimama gatini kila asubuhi nikiwatakia wanaume wazima wakavue mavi, nao wananiinulia kofia na kunishukuru.

Sixten hakuwa mtu wa kanisa, hata Krismasi alikwenda kwa kusukumwa. Lakini kikombe cha kwanza cha kahawa hakukinywa yeye. Alikimwaga majini polepole, akasema hicho ni cha mwenyewe. Mwenyewe, kwa imani ya wazee wao, ni mwanamke anayekaa chini ya ziwa na kuchunga samaki kama mifugo yake. Ukimtazama mbele ni mzuri wa kukuua, akigeuka mgongo wake ni mtupu, kama gogo lililooza ndani. Ukimheshimu anakuachia samaki wawili watatu. Nikamwambia kwetu naye yupo, anaitwa Mugasha, ila ni mwanamume. Sixten akakung'uta kikombe chake.

"Tungewaozesha," akasema. "Tungepata ziwa la kutosha."

Nilimpa buni za kutafuna za Bukoba, zile tunazomkaribishia mgeni. Akatafuna moja, akaitema, akasema hizo nimpe mwenye ziwa. Jioni nyingine alichemsha kichwa cha samaki mmoja mrefu mwenye meno makali, akakitenganisha mfupa mmoja mmoja, akaipanga juu ya meza: msalaba, nyundo, misumari, ngazi. Wazee wao walisema samaki yule alichungulia Yesu akisulubiwa, na kila alichokiona kikamwingia kichwani. Nikajionea kwa macho yangu, ule mfupa ni msalaba kweli. Alinifundisha pia kusikiliza barafu. Barafu inayopiga kelele haina neno, inakaza. Barafu nyeusi inayoonyesha maji chini ni ngumu kuliko ile nyeupe yenye theluji. Kwenye matete na mdomo wa kijito usikanyage kabisa, hata ukiona mbwa amepita, kwani mbwa hana uzito wako.

Nilimpenda mzee yule. Nayaandika haya na roho inaniuma, lakini nilimpenda, na nilidhani mimi ni mtu wake.

Sixten alikuwa na mpwa, mtoto wa marehemu dada yake, akiitwa Roland. Alikuwa mcheshi, fundi wa mashine za mashua, kila mtu alimhitaji. Roland alichoka na kamba wetu. Kila mwaka kwenye karamu aliinua mmoja kwa gando na kuuliza huyu ni kamba au ni mtoto wa kamba. Wenzetu wa ziwa la jirani, alisema, wana kamba wa Marekani wa kujaza kiganja, wanakua upesi, sisi tunakalia historia. Watu wakacheka. Nami nikacheka, kumbe nilikuwa nacheka kifo changu.

Kiangazi kimoja nilikuja huku Edmonton, binti yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Mtoto huyo ndiye Koku, mnayekaa naye darasani, anayejibu Kiingereza mwalimu akimwuliza Kiswahili. Nilikuja kumpikia mzazi uji na supu. Mto wa hapa niliuona kupitia dirisha la basi tu. Niliporudi, kabla sijafungua mlango wa nyumba yangu, Sixten alinipokea sanduku, akanipeleka moja kwa moja saunani. Alikausha viatu, akakausha koti, akakausha hata kanga mpya niliyonunuliwa, ikatoka imenyauka. Tulitaniana. Alisema hajui London ina maji gani lakini lazima ni machafu.

Baadaye kidogo, ziwa likiwa bado halijafunguliwa, nilikuwa napiga kasia mchana wa jua nikaona kamba kwenye maji mafupi. Mchana. Kamba wa asili hatembei mchana. Alikuwa anatembea juu ya ncha za miguu, kama bibi harusi aliyevaa viatu virefu asivyovizoea, akayumba, akaanguka chali, asiweze kujigeuza. Nikasogea mbele nikaona mwingine. Kisha nikaona jiwe zima lililozungukwa na matumbo meupe.

Nilimwita Sixten kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena. Akaja na mashua yake, akatazama, akavua kofia. Tulizunguka ziwa lote. Walikuwa wamekufa kila mahali, na waliokuwa hai walikuwa wanakufa. Siku zilizofuata tuliwazoa kwa nyavu za mikono, tukawazika msituni kwenye shimo lenye chokaa, na harufu ile iliingia kwenye nywele zangu. Nililia. Mtu akiwauliza kama mtu mzima anaweza kulilia kamba, mwambieni ndiyo.

Chama kikaitisha mkutano. Walikuwa watu wale wale niliowasalimu gatini kwa miaka. Mwenyekiti alianza kwa upole, na upole wake ndio ulionitia baridi.

"Hatumlaumu mtu," alisema. "Tunauliza tu. Uingereza kuna kamba wa Marekani, siyo?"

"Wapo," nikasema.

"Nawe ulikuwa Uingereza."

"Nilikuwa jikoni, napika uji wa mzazi. Viatu vyangu vilipita saunani siku niliyofika."

Mama mmoja nyuma akakumbusha ile asubuhi nilipowabariki wavuvi. Alisema kwa mzaha, na wenzake wakacheka, lakini kicheko kilipoisha macho yote yalibaki kwangu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi walinipa jembe, nikalima, na shamba lilipokauka wakakumbuka kuwa ni mgeni.

Nikasimama. Niliwaambia mimi ni mtu wa ziwa ambamo walipandikizwa sangara, kwa sababu sangara ni mkubwa na anauzika, na sangara wakawala furu, samaki wetu wadogo wa asili, mpaka aina nyingine hatuzioni tena. Nikasema maradhi yanaweza kuja kwa kiatu, sikatai, na vyangu vilikauka. Lakini yanaweza pia kuja na kamba mwenyewe, ndani ya ndoo, na ndoo lazima iwe na mtu aliyeibeba. Mwulizeni basi mwenye ndoo.

Roland hakupandisha hata sauti. "Kwa hiyo huko kwenu mmezoea kuharibu maziwa," alisema.

Hakuna aliyemkemea. Nikamgeukia Sixten, aliyekuwa mstari wa mbele na kofia mapajani. Nikamwambia mbele ya wote: "Sixten, sema. Viatu vyangu ulivikausha wewe mwenyewe."

Sixten aliangalia mikono yake.

"Sauna niliiwasha," akasema. "Hilo najua."

"Na viatu?"

"Alikuwa na vitu vingi," akasema.

Basi. Hakusema uongo, mnaona? Kila neno lake lilikuwa kweli, na kwa maneno hayo machache akanizika.

Hawakunifukuza kazi. Walisema tu kwamba ziwa lisilo na kamba halihitaji mtunza kamba, wakanishukuru kwa utumishi, wakanipa keki. Siku hiyo ya keki nilikuwa napanga vyombo nyumbani Sixten akabisha hodi. Hakutaka kuingia. Alisimama kwenye ngazi kama mtu aliyekuja kuuza kitu.

"Ni Roland," akasema. "Aliwaleta kwa ndoo mwezi wa tano. Aliniambia baada ya kamba wetu kufa. Alidhani watazaana tu."

"Ulijua, ukakaa kimya mkutanoni?"

"Ni mtoto wa dada yangu. Itabidi aishi hapa na watu hawa mpaka afe."

"Na mimi?"

"Wewe una kwenu," Sixten akasema. "Sisi hatuna pengine."

Wajukuu zangu, wakati huo nilikuwa nimekaa kando ya ziwa lile muda mrefu kuliko nilivyokaa Bukoba. Wazazi wangu walikuwa kaburini. Kwetu kulikuwa ni hapo kwenye ngazi, na yeye ndiye aliyekuwa amesimama juu yake. Nilifunga mlango. Aliandika kadi za Krismasi, nikazitia jikoni zikaungua. Sasa amekufa, na padri wangu anasema nimsamehe, nami kila Pasaka namwahidi padri kuwa nitajaribu. Bado sijajaribu.

Mtaniuliza kwa nini sikupiga kelele, kwa nini sikwenda kwa viongozi. Niliwaambia wawili watatu wa chama alichoniambia Sixten. Yeye akakana, na tena kwa utaratibu ule ule, akasema alikuja kuniaga tu. Ushahidi wangu ulikuwa maneno ya mtu aliyekana, na mimi ndiye mgeni mwenye viatu. Nikaja London kwa binti yangu, nikafanya kazi ya kuosha wagonjwa kama ile ya Mama Rehema, na kwa hiyo habari za kuosha someni kwake.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana hapo ndipo ninapovimba. Miaka michache baada ya mimi kuondoka, nilisikia mitego ya ziwa lile imeanza kupandisha kamba wakubwa, wenye magando mekundu kwa chini na doa jeupe kwenye kiungo. Kamba wa Marekani. Kamba mzima haji kwa kiatu, huyo analetwa na mtu. Hata mtoto angejua sasa nani alisema kweli mkutanoni. Nilisubiri simu. Nilisubiri mtu mmoja tu aniambie, Leokadia, tulikukosea. Kumbe walikuwa na karamu. Kofia za karatasi zilirudi, nyimbo zilirudi, kamba walijaza kiganja kama Roland alivyotaka, na hakuna aliyeuliza waliingiaje. Mwenye shibe haulizi chakula kimetoka wapi.

Nilijifundisha kunyamaza. Kisha mwaka huu Koku akaja na simu yake jikoni, nami nasonga ugali.

"Bibi, look, kuna page ya lake yako! Ni watu wa huko wameandika. Birds, fish, kila kitu. Kuna hadi part ya legends."

Nikazima jiko. Kiswidi changu bado kizima, nikasoma mwenyewe. Waliandika vizuri, siwanyimi haki yao. Ndege wote walikuwepo, sangara, maji yenye rangi ya chai. Kuhusu kamba waliandika kwamba wa asili walikufa kwa maradhi ambayo chanzo chake hakijulikani. Halafu nikafika kwenye hekaya za ziwa. Alikuwepo mwanamke wa chini ya maji na mgongo wake mtupu. Alikuwepo samaki mwenye misumari kichwani. Na chini yao nilikuwepo mimi.

Hawakunitaja jina. Niliitwa Mwanamke wa Kusini. Alikuja kutoka mbali, ilisema, akiwa na maji ya nchi nyingine ndani ya buti zake. Mwenye ziwa alikasirika, akaua kamba wote, na Mwanamke wa Kusini akazama kwa majuto. Mpaka leo, mwezi wa nane, alama za miguu yenye maji huonekana gatini, na mvuvi akiziona ni heri arudi nyumbani.

"Bibi, who's that? Ni ghost?"

"Ni mimi," nikasema.

Koku alicheka, kisha akanitazama, akaacha kucheka. Nikamweleza yote niliyowaeleza nyinyi. Yule mtoto ambaye kuzaliwa kwake ndiko kulikonipa kesi alikasirika kuliko nilivyotegemea. "No, no, no. Tunawaandikia. Now. Wewe sema, mimi nitype."

Tukaandika. Kwa mara ya kwanza tangu nitoke kwenye ziwa lile nilieleza mambo kwa Kiswidi, kwa utaratibu: sauna, viatu, ndoo ya Roland, maneno ya Sixten kwenye ngazi, na wale kamba wenye doa jeupe ambao wenyewe ni ushahidi. Niliweka jina langu kamili. Niliomba kitu kimoja tu, hekaya ile iondolewe na ukweli uwekwe mahali pa ukweli. Baada ya kutuma sikulala vizuri. Nilikuwa nimeanza kutumaini, na tumaini kwa mtu wa umri wangu ni kazi nzito.

Jibu lilikuja kutoka kwa binti mmoja mpole anayetunza ukurasa ule. Wakati ule alikuwa bado mtoto mdogo. Alinishukuru sana. Alisema wote wa kikundi chao wamesoma kwa furaha, kwamba habari kama hizi ni hazina, na wameshaziongeza. Alimaliza kwa kututakia siku njema na kutuwekea ua.

Koku akafungua ukurasa. Kwenye habari za kamba, chanzo cha maradhi kilikuwa bado hakijulikani. Tukashuka. Chini ya hekaya ya Mwanamke wa Kusini walikuwa wameongeza sentensi mpya, nawatafsiria neno kwa neno: *Kuna wanaosimulia kwamba hakuzama, bali anaishi London, na mpaka leo anasema viatu vyake vilikuwa vikavu.*

Koku akanishika bega. "At least, Bibi," akasema, "in this one you're alive."

Mimi ni Leokadia. Nakaa Edmonton, mlango wangu mnaujua, na njooni mnishike mkono wangu muone kama ni wa hekaya. Viatu vyangu vilikuwa vikavu.